"Masta ni masta": kauli inayowapotosha wafamasia

Shahada ya uzamili ya famasi humtoa mfamasia kwenye ujuzi wa jumla na kumfanya bingwa wa fani moja. Kwa hiyo ile kauli inayosikika kuanzia Iringa hadi Mbeya, na katika maduka ya dawa ya Ubaruku wilayani Mbarali, kwamba "masta ni masta, muhimu cheti", ni potofu. Wanaoiamini huomba popote na fani yoyote, kisha hushika barua ya udahili iliyotangulia kufika.

Imani hiyo ina chanzo chake. Katika utumishi wa umma shahada ya uzamili husaidia mtu kupanda, na mfamasia aliyekaa miaka kadhaa katika kituo kimoja cha wilaya ana haki ya kutaka kusogea. Tatizo ni kwamba cheo hupandishwa kwa karatasi, lakini kazi hufanywa kwa maarifa. Mwenye karatasi ya fani asiyoitumia hurudi dirishani palepale, akitoa dawa zilezile kwa namna ileile, huku akiba yake na miaka yake miwili vikiwa vimekwenda.

Hata majina ya shahada hayafanani. Muhimbili, ambako famasi imefundishwa tangu 1974, MPharm ni shahada ya uzamili, na anayeiomba lazima awe na shahada ya kwanza. Nchini Uingereza jina hilohilo ni la shahada ya kwanza ya miaka minne, ile inayomwandaa kijana aliyetoka sekondari. Marekani nako PharmD ndiyo shahada ya kuingilia kazi. Mtanzania mwenye B.Pharm anayeomba MPharm ya Uingereza kwa kupenda jina anaomba kusomeshwa upya aliyokwisha kusoma, tena kwa ada ya mgeni. Na kozi nyingi za uzamili za famasi ya kliniki za huko humtaka mwombaji awe tayari anahudumia wagonjwa katika mfumo wa afya wa nchi hiyo. Hayo yote hujulikana kwa kusoma ukurasa mmoja wa masharti, lakini anayeamini kwamba masta ni masta haoni sababu ya kuusoma.

Kisha kuna fani zenyewe. Famasi ya hospitali na kliniki humpeleka mtu wodini, akapitie dozi pamoja na daktari. Famasi ya viwanda humpeleka kwenye mitambo. Udhibiti wa ubora humfungia maabara, na usimamizi wa dawa humpa maghala, maoteo na bajeti. Mimea tiba ni bahari nyingine kabisa. Kila moja ina mwajiri wake. Maabara ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyotambuliwa na Shirika la Afya Duniani 2011 mamlaka hiyo ingali ikiitwa TFDA, inahitaji wachambuzi. Bohari ya Dawa ina kanda yake Mbeya na kiwanda cha mipira ya mikono Idofi, Makambako, mwendo mfupi kutoka Mbarali. Anayelenga ugavi anaweza pia kutazama Kigali, kilipo kituo cha Afrika Mashariki cha chanjo na ugavi wa bidhaa za afya chenye shahada ya uzamili ya fani hiyo.

Lakini fani ichaguliweje? Jibu liko karibu kuliko wengi wanavyofikiri, na Ubaruku inatosha kuwa mfano. Huu ni mji wa mpunga. Mashamba ya Mbarali yalianzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, na maji ya mifereji yanayolisha mpunga ndiyo yanayolea mbu wa malaria na konokono wa kichocho. Mkulima anaingia duka la dawa muhimu, matope yangali kwenye buti, anaomba "rangi mbili" nne, yaani vidonge vinne vya antibiotiki. Hana cheti cha daktari. Muuzaji anachukua mkasi, anakata kipande cha pakiti, anakitia katika bahasha ya karatasi. Dozi haikutimia, na hakuna aliyeandika chochote.

Ndani ya bahasha ile kuna tasnifu. Je, mkulima hukata dozi kwa sababu mpunga haujavunwa na fedha hakuna, au kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza? Je, baada ya mavuno dozi nzima hununuliwa? Sababu ya fedha humwelekeza mwombaji kwenye usimamizi wa dawa na ya kutoelezwa kwenye famasi ya kliniki. Akiuliza kama vidonge vyenyewe vina nguvu vinavyodai, baada ya kukaa kwenye joto la bonde la Usangu, basi anahitaji shahada ya udhibiti wa ubora. Uzito wa maswali hayo unafahamika: klorokwini iliachwa 2001 kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, SP iliyorithi nafasi yake ikachoka haraka, na dawa mseto ikaanza kutumika 2006. Hata mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza Ruvuma 2003, katika ukanda huuhuu wa kusini, kwa kuangalia matatizo ya maduka ya vijijini.

Mwombaji mwenye swali hujaza fomu kwa namna nyingine. Barua yake ya maelezo haianzi na sifa za chuo, inaanza na jambo aliloliona. Wadhamini wake ni watu wanaoijua kazi yake, si wenye vyeo tu, na huwaomba barua mapema pamoja na muhtasari wa utafiti anaoukusudia. Ruhusa ya mwajiri huitafuta kabla ya udahili. Kama anakwenda nje, huiuliza Tume ya Vyuo Vikuu juu ya utambuzi wa chuo kabla hajalipa ada, kwa kuwa kugundua tatizo baada ya kurudi na cheti ni hasara isiyofidika.

Mfadhili naye husoma kwa jicho hilohilo. Barua inayosema "nataka kuongeza elimu" hufanana na mamia ya nyingine, ilhali inayoeleza bahasha ya Ubaruku haifanani na yoyote.

Mfamasia wa Mbarali anayekusudia kuomba mwaka huu na achukue daftari, asimame dirishani kwake wiki mbili, aandike kinachoombwa, kinachotolewa na kinachokosekana. Akishapata swali moja analotaka kulijibu, ndipo afungue tovuti ya chuo.