MNYORORO SI DAWA



Ndugu zangu wa Dar es Salaam, leo nasema na wazazi, na sisi wenye vilemba pia tusikie.

Nilisalisha jeneza la baba mmoja aliyeamua kuacha pombe. Jamaa zake walimpeleka kwenye nyumba isiyo na kibao wala muuguzi. Akafungwa mnyororo, akasomewa. Siku ya tatu degedege, akafa. Watu wakasema pepo limeondoka na roho yake. Subhanallah! Pepo gani? Mwili uliozoea pombe miaka mingi ukikatiwa ghafla huweza kupata degedege na kuweweseka, na hayo huua. Daktari anayajua, na dawa ya kuyazuia anayo.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Tena ametufundisha kuwa anayejifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, ana dhamana. Akiharibu, anawajibika. Wewe unayewafungia watoto wa watu na kupokea pesa, dhamana hiyo utaibebaje mbele ya Allah? Kisomo ni haki, nami nasoma. Lakini kisomo hakihitaji kufuli.

Na nyinyi mnaosema methadoni ya watumiaji wa unga ni kilevi juu ya kilevi, hebu nendeni mkaone. Muhimbili walianza kuitoa 2011, kisha Mwananyamala na Temeke. Ni bure. Kijana anainywa mbele ya mhudumu kila siku, arosto inatulia, anarudi kutafuta riziki. Kipimo cha daktari cha kuokoa nafsi mnakifananishaje na kete ya kijiweni?

Soba nzuri zipo. Ila kabla hujamwacha mwanao, uliza: Cheti cha usajili kiko wapi? Muuguzi ni nani? Akizidiwa usiku mnampeleka hospitali gani? Nitaruhusiwa kumwona? Mkweli atakujibu. Akikasirika, mshike mwanao mkono muondoke.

Akishatoka, kaeni naye karibu. Mwili uliopumzika haubebi tena kipimo cha zamani. Akirudia kile kile, kinaweza kumuua siku hiyo hiyo.

Maimamu wenzangu, mzazi akija analia, tusimpe namba ya mtu tusiyemjua. Tumsindikize hospitali. Hiyo nayo ni ibada.

Allah awaponye vijana wetu. Amin. Mfikishie na mwenzako.