Taa ya Tairi Haisemi Uongo

"Achana nayo hiyo, bosi. Inadanganya tu." Wengi wetu wenye magari tumeambiwa hivyo siku ile taa ya manjano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao ilipowaka kwenye dashibodi. Fundi hulipiga tairi teke, akaona limesimama imara, akatoa hukumu: sensa imekufa, magari haya yametengenezewa barabara za Ulaya. Wapo hata wanaobandika tepu nyeusi juu ya taa ili isiwakere. Nasema wazi: imani hii ni ya hatari, na wanaoieneza wanacheza na roho za watu.

Taa hii haikuwekwa kwa urembo. Mwaka 2000 Marekani ilitikiswa na matairi ya Firestone, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, yaliyochanika magari yakiwa kwenye kasi. Watu zaidi ya 200 walikufa. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria, na tangu Septemba 2007 magari mapya madogo yanayouzwa kule lazima yamwonye dereva tairi linapopoteza robo ya upepo wake. Umoja wa Ulaya ukaweka sharti kama hilo kwa magari yote mapya madogo ya abiria kuanzia Novemba 2014.

Robo ni nyingi. Tairi linalotakiwa kusoma PSI 32 kwenye geji linakuwa limebaki na 24, lakini kwa macho bado limejaa, na teke halitakwambia lolote. Ndani, kuta zake zinajikunja kila mzunguko, zinazalisha joto, na joto ndilo linalolichana.

Nililijua hili njiani kwenda Iringa. Taa iliwaka asubuhi Morogoro, fundi mmoja akaniambia niipuuze, nami nikamsikiliza. Kabla ya kuupanda mlima Kitonga nikasimama, nikashika matairi. Moja lilikuwa la moto kuliko mengine, na msumari umezama ndani yake. Nilikuwa na watoto kwenye kiti cha nyuma. Tangu siku hiyo sijamwamini tena mtu anayepima upepo kwa kiatu.

Wataniuliza: mbona huwaka alfajiri na kuzimika yenyewe? Kwa sababu upepo husinyaa kwa baridi. Joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, geji hushuka karibu 2. Ukijaza mchana Njombe tairi likiwa la moto kutoka safarini, alfajiri ya Julai litakuwa pungufu kweli. Likipata joto la barabarani, taa inazimika, na wewe unasema ilikudanganya. Haikudanganya: ulijaza kidogo.

Mbona nimebadilisha tairi moja tu ikaanza kulalamika? Kwa sababu magari mengi hayana sensa ndani ya tairi. Hutumia sensa za breki za ABS kulinganisha mizunguko, maana tairi lenye upepo mdogo huzunguka haraka kidogo kuliko wenzake. Ukichanganya saizi, au ukihamisha matairi bila kuiweka taa upya, hesabu inavurugika. Na gari lenye matairi yasiyolingana lina tatizo, taa iwepo isiwepo.

Nakubali, sensa hufa. Zile zinazokaa ndani ya rimu zina betri ya miaka 5 hadi 10 isiyochajiwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo lenye miaka 7 linaweza kushuka bandarini Mombasa na betri zilizochoka. Nyingine huvunjwa na mtaimbo wakati wa kuziba pancha. Lakini hapo magari mengi yana lugha yake: taa humeta kwa dakika moja hivi, kisha hutulia ikiwaka. Maana yake ni "sioni tena". Mlinzi anayekiri kuwa haoni si mwongo, na dawa yake si kumziba mdomo.

Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu mtengenezaji, pima asubuhi gari likiwa limelala, kwa geji yako mwenyewe. Fuata namba za kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo tu. Pima yote manne na spea pia, kwani kwenye baadhi ya magari nayo ina sensa. Jaza, weka taa upya kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, kisha endesha. Ikirudi, lizamishe tairi kwenye maji utafute mapovu, hata kwenye valvu. Ikiwa inameta, badilisha sensa.

Baada ya ajali husikii ila "tairi lilipasuka ghafla". Mara nyingi hakuna ghafla: kuna upepo uliokuwa ukipungua kwa siku kadhaa, na dereva aliyeambiwa asijali. Bandua hiyo tepu. Kesho, kabla ya kuwasha gari, pima.