Tuhamie Wapi, na Mtoto Asome Wapi?

Jumapili moja, baada ya sala ya alasiri, alinijia ndugu mmoja mkaazi wa Kikwajuni, mfanyakazi wa ofisi, akiwa na barua ya uhamisho mkononi. Amepelekwa Mkokotoni, Mkoa wa Kaskazini Unguja. Mtu aliyezaliwa na kukulia mjini huipokea barua ya namna hiyo kwa uzito, lakini yeye hakuja kulalamika. Lililomleta ni binti yake mkubwa, ambaye amemaliza masomo ya sekondari na kupata nafasi ya kusomea kilimo Kizimbani. Na chumba chao cha Kikwajuni ni cha kupanga. Mwenye nyumba amekwisha kukitaka kwa ajili ya mwanawe anayeoa.

"Nikae wapi mimi," aliniuliza, "na mtoto nimweke wapi?"

Ndugu msomaji, swali hili ni la nyumba nyingi kuliko tunavyokiri. Mfanyakazi akihamishwa, barua humtaja yeye peke yake. Haimtaji mke mwenye cherehani na wateja wake, wala haiwataji watoto ambao kila mmoja yumo katika darasa lake. Barua ni ya mtu mmoja, lakini wanaofunga mizigo ni watano.

Anayehamia kaskazini ya kisiwa chetu hukutana na jambo moja mapema: vyuo vingi vya Unguja vimekaa upande mwingine. Chuo Kikuu cha Taifa, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001, kina makao yake Tunguu. Chuo Kikuu cha Zanzibar nacho kiko Tunguu. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iko Mbweni. Kwa hiyo aliyefika Mkokotoni au Nungwi amekipa chuo mgongo, na kijana wake akitaka kusoma itambidi ateremke na gari mpaka mjini, kisha atafute nyingine. Mkokotoni kipo kituo cha mafunzo ya amali, na hilo si dogo hata kidogo, nitalirudia.

Kizimbani ni jambo la peke yake. Kwa hesabu za utawala si kaskazini. Imo katika Wilaya ya Magharibi A, Mkoa wa Mjini Magharibi. Lakini imekwisha kutoka mjini, na imo katika ile ardhi nyekundu yenye kina iliyowatamanisha wakubwa wa zamani. Miche ya mwanzo ya mikarafuu, aliyoileta Saleh bin Haramil mwanzoni mwa karne ya 19, ilipandwa Mtoni na Kizimbani, naye Seyyid Said akamnyang'anya mashamba yake. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaja kuing'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Leo hapo Kizimbani wapo watafiti wa kilimo wa Serikali, na ipo skuli ya kilimo ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa. Mwanafunzi akitoka darasani, yumo shambani.

Nilipoyasema haya nilimwona baba mtu akikunja uso. Alikuwa na tamaa ya uhasibu. Nilimwomba hilo tuliache, kwa kuwa aliyeomba kusoma kilimo ni binti mwenyewe, na huko kaskazini ana mengi ya kujiuliza: kuna mabonde ya mpunga kama Kibokwa, na kuna maweni, ambako jembe hugonga mwamba kabla halijazama.

Basi akanieleza mpango wake. Yeye, mkewe na watoto wawili wadogo wahamie Mkokotoni, karibu na kazi. Binti abaki kwa jamaa mmoja Bububu, awe anakwenda chuoni kutoka huko. Mpango mzuri kwa aliyeutunga, kwani hauna kodi ya pili na unamwezesha yeye kwenda kazini kwa miguu.

Hapa, msomaji, sikuweza kunyamaza. Nami niliwahi kuachwa kwa jamaa ili nisome. Sitamtaja, na Mungu amrehemu, kwani chakula hakuninyima. Lakini nilikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, nikichota maji, nikibembeleza mtoto, nikitumwa dukani kila nilipofungua daftari. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana; ilikuwa tu kwamba mgeni wa kudumu hana neno la kukataa. Nami nilikuwa mvulana. Mtoto wa kike hupewa na jiko pia. Baba akija kumtazama mwisho wa mwezi huambiwa kwamba binti ni mtiifu sana, naye hurudi amefurahi, asiulize mitihani imekwendaje.

Nikamwuliza, "Mama yao anasemaje?" Akasema hajamwuliza, amengoja kwanza apate rai yangu. Nikamrudisha nyumbani na chai yake haijapoa.

Siku ya pili walikuja wote wawili. Bibi yule hakusema mengi. Alisema: "Katika nyumba hii kuna mtu mmoja anayelipwa ili asafiri, naye ni mume wangu. Kwa nini njia abebeshwe mtoto?" Kisha akaeleza lake. Wapange karibu na Kizimbani, binti aende chuoni kwa miguu na alale kwao. Baba ndiye apande gari kwenda Mkokotoni kila asubuhi, na kijana wao wa pili, ambaye vitabu havimwingii lakini mikono yake haitulii, aombe nafasi katika mafunzo ya amali huko huko Mkokotoni, wawe wanafuatana.

Mume alitaja nauli. Ni kweli, nauli za watu wawili kila siku si haba, na kutoka Kizimbani itabidi kwanza kuifikia barabara kuu. Alitaja uchovu, na hilo pia ni kweli. Mimi kwa upande wangu nilimwonya Bibi kwamba Kizimbani si mji. Asitarajie soko la Darajani wala wateja wa kushona kama wa Kikwajuni. Wanaofika kwa wingi ni watalii wa mashamba ya viungo, nao hawaleti suruali za kupunguzwa. Alinijibu kwamba kanzu za sikukuu huvaliwa hata shamba.

Alhamisi tulikwenda kutazama. Mume alitaka kujua kodi. Bibi alifungua mfereji akaona maji yanavyotoka, akaingia jikoni, kisha akatutaka tungoje mpaka magharibi, aione njia ya kutoka chuoni ikiwa na giza. Tukangoja. Akahesabu nyumba zilizo kando ya njia hiyo, na kila aliyekaa barazani alimwamkia.

Chumba cha pili tulichokiona kina baraza pana. Alipima kwa shubiri mahali pa kuweka cherehani, akamwuliza mwenye nyumba kama mvua ya masika huingia. Akajibiwa kwamba huingia kidogo, upande wa mlangoni.

"Basi tutaiweka upande ule," alisema.