Mfaransa Aliyechukua Barua ya Stanley

Msomaji mpenzi, bila shaka umesikia habari za Stanley, aliyepiga kambi Kageye, huko Magu, mwaka 1875. Lakini je, wamjua Mfaransa aliyekutana naye ng'ambo ya ziwa?

Jina lake Ernest Linant de Bellefonds. Baba yake alikuwa mhandisi mkubwa wa serikali ya Misri, naye mwana akaitumikia serikali hiyo hiyo chini ya Gordon, Mwingereza aliyetawala nchi za mto Naili wa juu. Gordon alimtuma awe mjumbe wake kwa Kabaka Mutesa wa Buganda.

Mwezi wa Machi Stanley aliondoka Kageye kwa mashua yake, akafika kwa Kabaka mwezi wa Aprili. Baada ya siku chache akaingia Linant na askari zake kutoka kaskazini. Alipomwona mzungu alidhani ni Cameron, msafiri mwingine! Kabaka akawauliza wote wawili mambo ya dini, kila mmoja kwa wakati wake, akastaajabu kuona majibu yanapatana.

Ndipo Stanley akaandika barua kuomba wamisioni waje Buganda. Ipelekwe na nani? Linant akaipokea, ingawa hiyo haikuwa kazi aliyotumwa.

Watu husimulia kwamba barua hiyo ilikutwa ndani ya buti za maiti yake. Hadithi tamu, lakini mimi siiamini. Linant alikuwa amekwisha kurudi kwa Gordon kabla ya kufa. Alikufa Agosti 1875, alipovuka Naili na askari wachache kwenda kuchoma nyumba za Wabari waliokuwa wakipigana na watu wa Gordon. Wabari wakawashinda, waliookoka ni wachache mno. Nasikitika kuandika hivyo, maana mjumbe wa amani hakupaswa kushika kijinga cha moto, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Barua ilifika London, ikachapwa gazetini mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Wamisioni wa Kiingereza wakafika Buganda mwaka 1877. Mwanzoni mwa 1879 Padre Lourdel, yule Mapera, na Bruda Amans wakavuka ziwa kwa mtumbwi, wakitokea Kageye ile ile.

Naye Linant, daftari lake la safari ya Buganda lilichapwa Cairo baada ya kifo chake.