Makosa ya Kiingereza cha Biashara: Tuyasahihishe au Tuyafundishe?

Mwalimu anayefundisha Kiingereza katika madarasa ya juu ya shule ya msingi hufika mahali ambapo wanafunzi wake hawana budi kuandika mambo ya kazi: barua ya kuagiza bidhaa, ankara, stakabadhi, maombi ya ajira. Hapo ndipo makosa humiminika. Desturi iliyozoeleka ni kuyapigia mstari kwa wino mwekundu, kuandika neno sahihi juu yake na kurudisha madaftari. Juma linalofuata makosa ni yale yale, na mwalimu hulalamika kwamba darasa lake ni zito. Maoni yangu ni kwamba darasa halina kosa. Wino mwekundu humwambia mtoto kuwa amekosea, lakini haumwelezi kwa nini amekosea.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1957 Mmarekani Robert Lado, katika kitabu chake Linguistics Across Cultures, alieleza kwamba mwanafunzi hupata shida hasa pale lugha yake na lugha anayojifunza zinapoachana njia. Mwaka 1967 Mwingereza S. Pit Corder alikwenda mbele zaidi akasema kwamba kosa ni ushahidi: humwonyesha mwalimu kanuni ambayo mwanafunzi anaifuata kichwani mwake. Mwalimu anayejua Kiswahili barabara anaweza kuusoma ushahidi huo kuliko mgeni yeyote. Natutazame mifano michache, tukianza na makosa yanayoweza kumtia mtu hasarani.

Kwanza ni habari ya mikopo. Katika Kiswahili tunasema "niazime jembe" na pia "nimeazima jembe kwa jirani". Neno ni moja, ingawa katika sentensi ya kwanza msemaji anaomba apewe, na katika ya pili anaeleza alichopewa na mwenzake. Kiingereza kina maneno mawili: "lend" kwa mwenye kutoa na "borrow" kwa mwenye kupokea. Mtoto akiisha kuyachanganya ataandika "We have lent 200,000 shillings" akikusudia kusema kwamba wamekopa. Sentensi hiyo haina kasoro yoyote ya sarufi, na hapo ndipo penye hatari: msomaji ataamini kwamba mwandishi ndiye mdai, kumbe ndiye mdaiwa. Dawa yake imo katika Kiswahili chenyewe. Acha neno "azima" kwa muda, uandike ubaoni "kukopa" na "kukopesha". Kila mtoto anajua ni nani aliyekopa na ni nani aliyekopesha. Mwambie kwamba "borrow" ni kukopa na "lend" ni kukopesha, kisha umpe sentensi kumi za dukani na za chama cha ushirika azifanyie kazi.

Pili ni saa. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza. Waingereza huanza usiku wa manane na adhuhuri. Mwanafunzi anayeandika kwamba duka hufunguliwa "at two o'clock in the morning" ametafsiri "saa mbili asubuhi" neno kwa neno, naye kwa hakika amemwalika mteja saa nane za usiku. Saa ya ukutani inatosha kumwondolea tatizo hili. Mwonyeshe kwamba saa ya Kiswahili na ya Kiingereza hukabiliana daima: mbili hutazamana na nane, nne hutazamana na kumi, tatu hutazamana na tisa. Tofauti ni saa sita, haizidi wala haipungui.

Tatu ni jibu la swali la kukanusha. Mteja akiulizwa, "Hamjapata mzigo?" nasi hatujaupata, tunajibu, "Ndiyo, hatujapata." Neno "ndiyo" hapa hukubaliana na aliyeuliza. Katika Kiingereza jibu hufuata ukweli wa jambo lenyewe, wala halimfuati muulizaji: mzigo haukufika, basi jibu ni "No, we have not." Mwanafunzi akijibu "Yes" na kunyamaza, karani wa upande wa pili ataandika kwamba mzigo umepokewa, na malipo yatadaiwa. Mfundishe mtoto asiishie kwenye neno moja kamwe, bali atoe sentensi kamili.

Yako makosa mengine ambayo hayapotoshi maana ila huitia barua doa. Kwa kuwa tunasema kifaa na vifaa, shauri na mashauri, mtoto huona ni halali kuandika "equipments" na "advices". Kwa kuwa kiambishi "-na-" hubeba kazi mbili, yaani tendo linaloendelea sasa na hali ya siku zote, "tunahitaji magunia kumi" huzaa "We are needing ten bags", badala ya "We need ten bags". Kwa kuwa tunaweza kusema "nimetuma fedha jana", huandikwa "I have sent the money yesterday", ilhali Kiingereza, kikishataja jana, hudai "I sent". Kwa kuwa neno "rahisi" husemwa juu ya hesabu na juu ya bei pia, bidhaa zisizo ghali huitwa "easy". Na kwa kuwa "yeye" hachagui mume wala mke, meneja mwanamke huandikiwa "he" tangu mwanzo wa barua hadi mwisho. Kila moja ya makosa haya lina mantiki yake, na mtoto akionyeshwa mantiki hiyo huona kwamba hakukosea kwa ujinga.

Hata hivyo tusikitwike Kiswahili kila lawama. Wanafunzi wengi huandika "We discussed about the price", hali Kiswahili husema "tulijadili bei" pasipo neno lolote katikati, sawasawa na "We discussed the price". Kosa hili limezaliwa ndani ya Kiingereza chenyewe: mtoto amesikia "talk about", akadhani maneno yote ya mazungumzo huenda kwa mwendo huo. Hapa tafsiri ya Kiswahili ndiyo itakayomwongoza kwenye usahihi.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba Kiswahili kikiingia katika kipindi cha Kiingereza, Kiingereza hakitakomaa. Kwamba mtoto aachwe azame katika lugha hiyo hadi aizoee. Hoja hiyo ina nguvu mahali ambapo mtoto anasikia Kiingereza nyumbani na njiani. Mtoto wetu wa shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili hukisikia kwa vipindi vichache tu kwa juma. Hayo si maji ya kuzamia. Wengine wamekwenda mbali hata kuwaadhibu watoto kwa kusema lugha ya kwao. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia katika Decolonising the Mind, kitabu kilichotoka mwaka 1986, jinsi watoto wa shule nchini Kenya walivyovishwa kibao shingoni kwa kosa hilo. Adhabu ya namna hiyo humfundisha mtoto kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hatoi hata kosa la kumwongoza mwalimu. Sisemi kipindi kizima kiendeshwe kwa Kiswahili. Nasema dakika tano za kulinganisha lugha mbili zaweza kuokoa masahihisho ya muhula mzima.

Kwa hiyo nawashauri walimu wanaojiandaa kwa kazi hii wafanye mambo matatu. La kwanza, kila mmoja awe na daftari la makosa lenye safu tatu: sentensi aliyoiandika mwanafunzi, Kiswahili kilichokuwa kichwani mwake, na Kiingereza sahihi. Safu ya kati ndiyo yenye somo, na pale inapokosa jibu, atajua kwamba chanzo kiko kwingine. La pili, ayapange makosa kwa uzito wa madhara, si kwa wingi wake. Deni, saa na jibu la ndiyo au hapana vitangulie, "equipments" isubiri. La tatu, achague kosa moja kwa juma, alifundishe kwa mazoezi ya ankara na barua, na katika kusahihisha juma hilo alifuatilie kosa hilo kuliko mengine.

Baadhi ya watoto hawa wataingia kidato cha kwanza, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Wengine wataishia shule ya msingi, nao ndio watakaosaini stakabadhi na kujibu barua za wanunuzi pasipo mwalimu wa kuwasahihisha. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kujua, kabla hajatia saini, kama karatasi iliyo mbele yake inasema kwamba anadai au anadaiwa.