Nyumbu Hana Miguu Miwili

Je, programu za kompyuta zinazomtia mhusika wa katuni mifupa na viungo zitamwondoa fundi wa kazi hiyo? Nasema: zitamwondoa anayejua kubonyeza vitufe tu. Mixamo, iliyonunuliwa na Adobe mwaka 2015, humwandaa mhusika wa miguu miwili kwa dakika chache. Haikuundwa kwa ajili ya nyumbu. Kijana wa Robanda, anayewaona nyumbu wakipita, anaujua mgongo wao unaoteremka nyuma na namna wanavyokimbia.

Hofu yangu ni nyingine: kazi nyepesi ndiyo shule ya mwanagenzi. Mashine ikiitwaa, atajifunzia wapi? Ni wajibu wa vyuo vyetu, na wa studio za nchi iliyozaa Ubongo Kids mwaka 2014, kumfundisha maumbile na mwendo kabla ya kumkabidhi programu.