Kipima joto la anga kisifungwe juu ya paa la ofisi

Wakulima wa viazi mviringo wa Makete na sehemu nyingine za Nyanda za Juu Kusini wanaijua jalidi, ile barafu nyembamba inayoonekana kwenye majani alfajiri, hasa kati ya Juni na Agosti. Usiku mmoja unatosha kubabua shamba zima. Aliyekopa mbegu na mbolea anabaki na deni, na mfanyabiashara aliyekwishatoa malipo ya awali naye anarudi na gari tupu.

Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake kwenda angani kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Ardhi yenye nyuzi joto 5 hutoa takriban wati 339 kwa kila mita ya mraba. Mawingu hurudisha sehemu kubwa ya joto hilo. Anga likiwa jeupe na kavu, kinachorudi ni kidogo, na pengo linaweza kufika wati 80 au zaidi.

Kifaa cha kupima mionzi hiyo wataalamu hukiita pirijeometa. Kimoja kikitazama juu na kingine chini, pengo huonekana mapema. Saa 3 usiku mkulima anaweza kupewa tahadhari, akiwa bado na muda wa kufunika kitalu chake kwa nyasi. Kipimajoto cha kawaida cha kituo hukaa kisandukuni, zaidi ya mita moja kutoka ardhini. Majani ya chini yanaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa, hivyo kituo huandika nyuzi 3 huku viazi vimeganda.

Kwa maoni yangu, halmashauri au chama cha ushirika kinachotaka kununua vifaa hivi kianze na mahali pa kuvifunga. Paa la ofisi ni salama kwa wezi, lakini halilimwi viazi. Vifungwe bondeni, hewa baridi inakotuama, juu ya nyasi au mazao, mbali na miti na kuta, kwa kuwa navyo hutoa mionzi yake na kuharibu kipimo.

La pili ni mtunzaji, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Umande ukitanda kwenye kioo cha juu, kifaa hupima joto la maji hayo badala ya anga. Kitaonyesha kwamba hakuna hatari, tena usiku uleule wa jalidi! Panahitajika feni ndogo ya kukausha kioo, betri ya kuiendesha, na kijana wa hapo kijijini anayelipwa kukifuta kila asubuhi. Kuna pia gharama ya kukihakiki kila baada ya miaka michache. Kigezo cha dunia cha vipimo hivi kipo Davos, Uswisi. Bajeti isiyo na mambo hayo ni afadhali isinunue kitu.

Kifaa kizuri kinaweza kuzidi bei ya pikipiki mpya. Kwa hiyo seti moja kwa bonde kubwa inatosha, na vijiji vinavyolizunguka vipewe vipimajoto rahisi vya kulazwa usawa wa nyasi, vilinganishwe nayo. Kazi ya kufunga imalizike ifikapo Mei, kabla ya usiku wa kwanza wa baridi kali.